Madirisha ya Juu

Fundi aliingiza kidole gumba chini ya jani, akapapasa, akatikisa kichwa, akahamia chungu kinachofuata. Nilisimama nyuma yake na mwanangu mgongoni, nimeshika kopo la vijiti ambalo hakuna aliyeniomba nilishike. Vyungu vilikuwa mia mbili na arobaini. Alikwishafika cha mia mbili na kitu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na kikonyo cha ua.

"Hamna," alisema. "Majani mapana, mizizi minene, afya tele. Ila maua, hamna. Hawa mabibi wamekula, wakashiba, wakajilalia zao."

Shangazi hakucheka. Huyu ni dada yake baba yangu, na ndiye mwenye kitalu. Kabla ya maua haya ya okidi alikaa miaka thelathini katika stoo ya dawa hospitalini, na bado alitembea kama mtu wa stoo: daftari kwapani, kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu.

"Usiniletee mabibi, fundi. Niambie sababu."

"Sababu ziko nne, Mheshimiwa." Fundi humwita hivyo hata akiwa hana utani. "Kwanza mwanga. Ukipungua, jani linageuka kijani cha giza, linalegea. Haya ni kijani cha nyasi mbichi, tazama. Kwa hiyo mwanga si tatizo, au si tatizo sana. Pili mizizi. Ikioza, mmea unapigania roho yake, hauna muda wa ua. Hii ni mizima. Tatu mbolea. Hapo nina wasiwasi kidogo, labda tumewapa ya majani kwa muda mrefu mno."

"Na ya nne?"

"Baridi ya usiku. Okidi hizi hazichanui kwa raha. Zikikaa kwenye joto usiku na mchana, zinatoa majani tu mpaka mwisho wa dunia. Zinataka usiku upoe, nyuzi kumi na saba hivi, kumi na nane, wiki nne au tano mfululizo. Hapo ndipo zinashtuka, zinasema kumbe, zinatoa kikonyo. Ndiyo maana ya yale madirisha." Alinyoosha kidole juu, kwenye paa la nailoni, palipo na madirisha mawili yanayofunguliwa kwa kamba. "Lakini hilo tunalo. Hali ya hewa ni ile ile ya kila mwaka, na madirisha yako wazi kila usiku."

Shangazi alifungua daftari, akatembeza kalamu kwenye safu ya mwisho. "Vema, vema, vema, vema. Usiku arobaini na sita, yote yana vema."

"Basi. Baridi tuitoe."

Kijino, mwanangu, alinivuta nywele. Sikuhisi. Nilikuwa nimeikodolea macho ile safu ya alama za vema, nyembamba, zimelala upande mmoja kama ninavyoziandika mimi. Nilizichora mwenyewe zote arobaini na sita. Na kati ya usiku huo wote, hakuna hata mmoja ambao madirisha yalibaki wazi.

*

Sikujua kuwa ni kwa ajili ya maua. Naomba hilo lieleweke kwanza, ingawa halinisafishi.

Niliyempokea kazi aliniambia maneno manne: fungua jioni, funga asubuhi. Nikadhani ni hewa tu, kama mtu anavyofungua dirisha la jikoni. Naye Shangazi aliponipa chumba kilicho mwishoni mwa banda alisema maneno mengine: "Hiki ni chumba cha kazi, si cha huruma. Anayelala humu ndiye mlinzi wa mimea. Siku asipoilinda, atampisha mwingine." Baba Kijino yuko mbali kikazi, anapiga simu kila Jumapili. Mimi na mwanangu hatukuwa na pengine.

Chumba chenyewe kimetengwa na mimea kwa ukuta wa mbao. Mbao zimekauka, zimeachana, na pale kilipo kitanda cha Kijino unaweza kupitisha kiganja. Wakati wa joto hilo halikuwa neno. Usiku ulipoanza kupoa, mtoto akashikwa na nimonia.

Tulilala hospitali siku sita. Nilijifunza kuhesabu pumzi kwa saa ya ukutani. Siku ya kutoka, daktari aliniambia kifua chake bado ni dhaifu, asipigwe na baridi usiku. Nikarudi, nikamlaza, nikasikia ile hewa inaingia kati ya mbao kama mtu anapuliza chai. Nikatoka, nikavuta kamba. Madirisha yakashuka. Chumba kikatulia, na mtoto akalala mpaka asubuhi bila kukohoa, na mimi nikalia kwa furaha nimeuma shuka.

Asubuhi daftari lilikuwa pale mezani. Safu ya madirisha inataka alama. Niliwaza: nikiiacha safu tupu, nitaulizwa. Nikiandika yalifungwa, nitaulizwa zaidi. Nikaweka vema. Alama ndogo tu. Ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na ya kumi sikuiona hata nilipokuwa naiandika.

Hakuna aliyeweza kujua. Fundi huondoka saa kumi na moja jioni akiyaacha nimeshayafungua. Mimi huenda darasa la jioni na Kijino mgongoni, hurudi saa mbili, navuta kamba. Fundi akija asubuhi saa mbili, anayakuta yamefungwa kama yanavyotakiwa. Kipimajoto cha mlangoni hukisoma saa hiyo hiyo, jua likiwa limekwisha panda.

Ungeniuliza siku ile Fundi alipotaja baridi, "Mbona hukusema papo hapo?" ningekujibu kwamba nilifungua mdomo. Nilifungua kweli. Shangazi alikuwa anasema, "Fundi, miche uliichagua wewe. Nakupa mwezi mmoja. Vikonyo visipotokea, itabidi nitafute fundi mwingine." Na mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

*

Mwezi ule sijawahi kuona mwingine wa namna yake.

Fundi aliacha mbolea ya majani, akaleta nyingine. Akasuuza kila chungu kwa maji matupu kutoa chumvi ya ile ya kwanza, siku mbili mgongo umepinda. Kisha akasema labda mwanga hautoshi, akaondoa neti moja ya kivuli upande wa mashariki. Siku ya tatu majani kumi na tisa yakapata mabaka meupe ya kuungua. Alirudisha neti bila kusema neno. Fundi kukaa kimya ni kama redio kuzimwa. Unaanza kusikia vitu ambavyo hukujua vipo.

Na kila alichokifanya kilinipitia mimi. Nilimsaidia kusuuza vyungu. Nilimshikia ngazi alipoondoa neti. Nilijua, au nilikaribia kujua, kwamba anatibu ugonjwa ambao haupo, na nikamshikia ngazi.

Nilikaribia kujua. Hapo ndipo nilipojificha. Huenda si madirisha, nilijiambia. Huenda ni mbolea kweli. Wiki ya kwanza ya mwezi ule mwalimu wetu wa sayansi wa jioni, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa anatufundisha majaribio. "Ukitaka kujua kitu," alisema, "badilisha kimoja tu. Vingine viache kama vilivyo. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, utabaki unakisia." Nikaandika. Kijino alikuwa ananilamba shingo.

Usiku ule niliporudi nilivuta kamba kama kawaida, mtoto akalala. Kisha nikachukua vyungu vitatu kutoka mstari wa nyuma kabisa, nikavitoa nje, nikaviweka chini ya upenu karibu na tangi la maji, mahali ambapo upepo unapita lakini umande haugusi. Alfajiri nikavirudisha mahali pake. Maji yale yale, mbolea ile ile, mwanga ule ule. Usiku peke yake ndio niliobadilisha.

Nilifanya hivyo kila siku. Nilijipa matumaini ya ajabu: naomba visitoe kitu. Hebu fikiria, mlinzi wa mimea anaomba mimea isichanue. Lakini visipotoa kitu, basi kosa si langu, na chumba ni chetu, na mwanangu ana ukuta na paa na joto lake.

"Mama Kijino, siku hizi umekonda," Fundi aliniambia siku moja tukipanga vyungu. "Mtoto anakumaliza?"

"Mtoto hajambo."

"Namuona. Anazidi kunenepa, wewe unazidi kupungua. Bosi!" alimwambia Kijino, ambaye jino lake moja la mbele limekaa peke yake miezi miwili bila mwenzake, "muachie mama yako japo kijiko." Akatoa mfukoni kijigari alichokichonga kwa vijiti vya kuegemezea maua, magurudumu yake vifuniko vya chupa. "Shika. Mimi muda si mrefu nitakuwa na nafasi ya kukutengenezea lori zima."

"Una maana gani, fundi?"

"Jumamosi mwezi unaisha, dada yangu. Mheshimiwa hana mchezo." Alicheka, lakini macho hayakushiriki. "Miaka kumi na moja nimezipapasa hizi okidi. Safari hii zimeniweza. Sijui nimekosea wapi, wallahi. Mwingine angeniambia nimekosea hapa, ningelala usingizi."

Ilikuwa Alhamisi.

*

Ijumaa alfajiri, navirudisha vile vyungu, nikaona kwenye cha kwanza kitu kidogo cha kijani kinatoka kati ya majani, ukubwa wa punje ya mchele. Nilipiga magoti. Lakini okidi hutoa mizizi mahali hapo hapo, na mzizi ukianza, macho mageni huuona ni ua. Fundi alikwisha kunifundisha: mzizi una ncha ya mviringo, inang'aa kama imelambwa, na huelekea popote unapotaka. Kikonyo kina ncha iliyobanwa, kama kidole ndani ya glavu ya sufu, na hutazama juu.

Nilileta taa. Nikaleta ile glasi yenye kitako kinene ninayoitumia kukuza maandishi madogo ya vitabu vya darasani. Nikatazama. Cha kwanza kilibanwa. Cha pili kilikuwa nacho, kidogo zaidi, kimebanwa. Cha tatu kilikuwa na mzizi tu, lakini upande wa pili, chini ya jani jingine, ngozi ilikuwa imevimba.

Usiku ishirini na tano.

Nilikaa chini kwenye zege, vyungu vitatu mbele yangu, mtoto amelala upande wa pili wa mbao. Nilisikia anapumua, vizuri, bila mluzi. Nikamwambia kimoyomoyo, nisamehe mwanangu, sina jinsi.

Shangazi alifika saa mbili kasoro, Fundi akiwa nyuma yake anafunga vifungo vya koti la kazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umesimama mlangoni?"

"Nina neno. Kabla hujaongea na fundi."

"Sema."

"Madirisha ya juu. Usiku yanafungwa."

"Nani anayafunga?"

"Mimi."

Ndege alitua kwenye nailoni, tukasikia kucha zake. Shangazi alivua miwani, akaivaa tena.

"Tangu lini?"

"Tangu Kijino alipotoka hospitali."

Alikwenda mezani, akafungua daftari, akaligeuza linielekee. "Hapa pana vema."

"Najua."

"Na hapa. Na hapa."

"Najua, shangazi."

"Usiniambie unajua. Hesabu."

Nikahesabu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Zilikuwa sabini na tano. Nilipomaliza nikamwonyesha vyungu vitatu, nikaeleza nilivyovilaza nje, na maji, na mbolea, na mwalimu wa jioni. Fundi alichukua kile cha kwanza, akakisogeza karibu na pua, akakigeuza.

"Hiki si mzizi," alisema taratibu.

Nilingoja atoe utani. Hakutoa. Alikiweka chini polepole sana. "Mwezi mzima, mama Kijino. Mwezi mzima naiuliza mimea, na jibu umelala nalo wewe. Umenishikia ngazi."

Lile ndilo lililoniuma kuliko yote, mpaka leo.

"Dirisha ningekuelewa," Shangazi alisema. "Ungekuja ukaniambia, shangazi, mtoto ana kifua, ningekuelewa siku hiyo hiyo. Nilikuwa na msichana stoo. Kila asubuhi aliweka vema kwenye karatasi ya friji ya chanjo bila kuifungua. Friji ilikuwa imezima siku mbili. Tukagawa chanjo iliyokwisha kufa, tukawaambia kina mama nendeni kwa amani, watoto wenu wamekingwa." Alinitazama. "Sijawahi kumsahau. Sikudhani nitamuona tena katika mtoto wa kaka yangu."

Machozi yalikuwa yanatoka tu, bila kilio.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala."

Aliingia chumbani. Tangu anipe ufunguo hakuwahi kuingia. Nilimfuata. Alisimama juu ya kitanda cha Kijino, akatazama mbao, akapitisha kiganja kwenye upenyo. Kiganja kikatokea upande wa mimea, saa ya mkononi na yote. Akakirudisha. Akaweka mkono kifuani pa mtoto, anahesabu pumzi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kumbe naye huhesabu.

Alipotoka alikuwa na sauti ya stoo. "Fundi, unaendelea na kazi. Ya Jumamosi nimeyafuta, na samahani. Wewe, chukua kalamu nyekundu. Kila vema ya uongo uikate, pembeni uandike 'yalifungwa', na sahihi yako. Moja moja. Leo usiku madirisha yanabaki wazi."

"Na chumba, shangazi?"

"Sijamaliza kufikiri."

*

Nilikata moja moja. Yalifungwa, sahihi. Yalifungwa, sahihi. Kijino alikaa miguuni pangu anaendesha gari lake la vijiti kwenye kiatu changu. Nilipofika ya hamsini, nikasikia nyundo.

Fundi alikuwa chumbani kwangu, anapigilia nailoni ukutani, safu mbili, na kati yake maboksi matupu ya miche aliyoyabandua yakawa bapa. Hakuniangalia. Alipigilia misumari mpaka pembe ya mwisho, akapitisha kiganja kutafuta hewa, akarudi kupigilia mmoja zaidi. Kisha akainama kwa Kijino.

"Bosi," alimwambia kwa sauti ya chini, "yaani nusura unifukuzishe kazi, na nywele zenyewe huna."

Ilikuwa kwa mtoto, si kwangu. Nikaipokea hivyo hivyo.

Jioni nilivuta kamba, madirisha yakapanda. Nikaenda darasani, nikarudi saa mbili, nikapita chini ya ile kamba mikono nimeifumbata. Shangazi alikuwa ameacha kipimajoto kipya, kile chenye kidude kinachobaki pale joto liliposhuka mwisho, hata kama umelala. Nilimvisha Kijino sweta mbili, nikamlaza kwangu, mgongo wangu upande wa ukuta. Baridi ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kawaida, ya chumba, si ile ya kupulizwa. Hata hivyo nilisikiliza. Kila alipogeuka nilisikiliza.

Saa kumi na moja alfajiri alikohoa. Nikakaa kitako. Nikangoja kikohozi cha pili. Nikaweka sikio mgongoni pake, nikahesabu kama nilivyofundishwa, thelathini na mbili kwa dakika, salama kwa umri wake. Cha pili hakikuja. Akajinyoosha, akanipiga teke la tumbo.

Saa moja mlango wa banda uligongwa. Shangazi hajawahi kufika saa moja. Alikuwa na daftari na rula.

"Kipimajoto?"

"Kumi na saba, shangazi."

"Umekisoma au umekisia?"

"Nimekisoma. Njoo ukione."

Akaja akakiona. Kisha akakaa mezani, akaweka rula kando ya safu ya madirisha, akachora mstari mpya. Alifunua ukurasa uliofuata, akachora tena. Nilitengeneza chai, alikuwa bado anachora. Kijino alitambaa mpaka kwenye kiti chake, akashika sketi yake, akasimama. Shangazi alimshika kwa mkono mmoja asianguke, na kwa mwingine akaendelea.

Alipomaliza akanisogezea daftari. Juu ya safu mpya alikuwa ameandika kwa bluu: *Kifua cha mtoto*.

"Hapa usiweke vema," alisema. "Andika maneno. Ulichosikia, na saa uliyosikia. Kikizidi, unafunga madirisha na unanipigia, saa yoyote. Okidi zitasubiri."

Akanywa chai yake amesimama, akatoka kumtafuta Fundi. Nilifunua karatasi moja, nyingine, nyingine. Mstari ulikwenda, umenyooka, kila ukurasa, mpaka ule wa mwisho kabisa, ndani ya jalada, ambao ungenichukua, nikiwa bado humu chumbani, mpaka msimu wa pili wa baridi.

Nikarudi mwanzo. Nikashika kalamu. Nikaandika: *Alikohoa mara moja, saa kumi na moja. Pumzi thelathini na mbili. Akalala tena.*